Mgonjwa wa Ini Akinyimwa Nyama, Hula Yake Mwenyewe

Mtu akishaambiwa kwamba ini lake limejaa makovu na kusinyaa, ushauri wa chakula humfikia kutoka kila upande kabla hata hajatoka wodini. Aache nyama. Maharage ayapunguze, mayai ayasahau, samaki aonje tu, ale ugali kwa mchicha, uji na matunda. Wanaomshauri si wajinga, wala hawamtakii mabaya. Wanarudia jambo lililofundishwa katika vitabu vya tiba kwa miongo mingi: protini ikivunjwa mwilini huzaa amonia, ini bovu haliwezi kuiondoa amonia hiyo, na amonia ikifika kwenye ubongo mgonjwa huanza kugeuza usiku kuwa mchana, kusahau majina ya wanawe, kutetemeka viganja kila anaponyoosha mikono, na mwishowe kupoteza fahamu. Kila hatua ya hoja hiyo ina ukweli wake. Kilichokosewa ni hitimisho, na kosa hilo limewagharimu wagonjwa misuli yao, yaani kiungo kikubwa kuliko vyote kinachoweza kulisaidia ini lililochoka.

Tuanze na kazi ya ini lenye afya. Protini ya chakula, iwe ya dagaa au ya kunde, huvunjwa tumboni na kwenye utumbo mwembamba mpaka ikawa asidi amino, nazo hubebwa na damu ya mshipa mkuu unaotoka kwenye utumbo na kwenda moja kwa moja kwenye ini kabla ya kufika kwingine kokote. Ini huchukua sehemu kubwa ya mzigo huo. Nyingine hujengea protini za damu, ikiwamo albumini, ambayo hutengenezwa gramu 10 hadi 15 kwa siku, pamoja na protini zinazogandisha damu. Zinazobaki huchomwa kuwa nguvu au kugeuzwa sukari, na naitrojeni yake hutoka kama amonia. Amonia ni sumu, kwa hiyo ini huigeuza kuwa urea, ambayo figo huitoa kwa mkojo bila taabu. Mzunguko wa kemia unaofanya kazi hiyo ulielezwa mwaka 1932 na Hans Krebs na Kurt Henseleit huko Freiburg, Ujerumani. Ini lenyewe limejipanga kwa ustadi: seli zilizo karibu na mahali damu inapoingilia hutengeneza urea, na safu nyembamba ya mwisho, pale damu inapotokea, hukamata amonia iliyoponyoka na kuifunga ndani ya glutamini. Sirosisi, yaani ini kujaa makovu hayo, huvuruga mambo mawili kwa mpigo. Seli hupungua, na damu inayokuta njia imebanwa na makovu hutafuta vichochoro vya pembeni, ikiwamo mishipa ya koo la chakula inayovimba na wakati mwingine kupasuka, hivyo ikaingia kwenye mzunguko wa mwili bila kupita kwenye seli za ini.

Zipo asidi amino tatu ambazo hata ini zima halizigusi sana: leusini, isoleusini na valini. Hizi huitwa zenye matawi kwa sababu ya umbo lake. Seli za ini zina kiasi kidogo mno cha kimeng'enya kinachoanza kuzivunja, kwa hiyo hupita na kwenda kuvunjwa kwenye misuli. Kinyume chake, fenilalanini, tirosini na metionini hutegemea ini karibu kabisa. Mtu asiyejua lolote kuhusu sirosisi, akipewa habari hizo tu, angetabiri nusu ya matokeo ya maabara: ini likiharibika, zile zinazolitegemea zitajaa kwenye damu. Ndivyo inavyokuwa. Ile harufu tamu yenye uvundo katika pumzi ya mgonjwa aliyezidiwa hutokana na gesi za salfa, mabaki ya metionini ambayo ini limeshindwa kuyamaliza. Lakini asingetabiri nusu ya pili, kwamba zile zenye matawi, zisizolihitaji ini, hazibaki palepale zilipokuwa. Hupungua, tena sana. Kwa mtu mzima wa afya, jumla ya zenye matawi ikigawanywa kwa jumla ya fenilalanini na tirosini hutoa zaidi ya 3. Kwa mgonjwa aliyechanganyikiwa hushuka hadi karibu 1, au chini yake.

Daktari mpasuaji Josef Fischer wa Marekani, aliyeshughulikia uwiano huo miaka ya 1970, aliufafanua kupitia ubongo. Makundi hayo mawili huingia kwenye ubongo kwa mlango mmoja na kugombea nafasi, na fenilalanini na tirosini zikishinda, alidai, hugeuzwa kuwa vijumbe bandia vya mishipa ya fahamu. Nadharia hiyo ilivutia wengi na haijafa kabisa, ila haikubeba mzigo wote uliotwishwa. Kwa maoni yangu, uwiano ule una thamani zaidi ukisomwa kama habari za misuli. Misuli haina mzunguko wa urea, lakini ina uwezo wa kuchukua amonia na kuifunga kwenye glutameti mpaka ikawa glutamini. Glutameti hiyo lazima itoke mahali, na mojawapo ya vyanzo vyake vikubwa ni kuvunjwa kwa leusini, isoleusini na valini. Amonia ikizidi kwenye damu, misuli huzitumia hizo tatu kwa kasi ili kuizoa. Upungufu wake ni stakabadhi ya kazi iliyofanywa nje ya ini. Mgonjwa mwenye mapaja yaliyojaa ana mahali pa kupeleka amonia, na yule ambaye mifupa ya mabega imetokeza na nyama ya kwenye panja imekwisha hana.

Sidai kwamba misuli huchukua nafasi ya ini. Glutamini inayotoka kwenye misuli huenda kwenye utumbo na figo, na huko sehemu ya amonia huachiwa tena. Figo hutoa kiasi fulani kwa mkojo, kilichosalia hurudi kwenye damu. Ni nafuu ya muda, lakini mwenye sirosisi huishi kwa nafuu za namna hiyo. Isitoshe, amonia yenyewe huidhuru misuli: huamsha miostatini, protini inayozuia misuli kukua, na huzinyima seli za misuli malighafi ya kutengenezea nguvu. Kwa hiyo ini likidhoofika amonia hupanda, amonia hula misuli, misuli ikipungua amonia hupanda zaidi. Katika mduara huo tabibu hawezi kulirudishia ini seli zilizokufa. Anachoweza kukiokoa ni misuli, na misuli hujengwa kwa protini.

Kuna jambo la pili linaloifanya protini ya chakula iwe ya lazima kuliko kwa mtu mwingine, nalo hutokea usiku. Ini zima huweka akiba ya sukari, gramu 80 hadi 100 hivi, ambayo hutoa kidogo kidogo tunapolala. Ini lenye makovu haliwezi kuweka akiba ya kutosha. Mwaka 1983 Oliver Owen na wenzake nchini Marekani walipima kile ambacho miili ya wagonjwa wa sirosisi ilikuwa ikichoma baada ya kulala usiku mmoja bila kula, wakakuta sura ambayo mtu wa afya huwa nayo baada ya siku mbili au tatu za njaa kamili. Sukari ikikosekana, ubongo bado hudai yake, na mwili huitengeneza kwa kuvunja protini ya misuli. Hebu fikiria maana yake kwa mtu aliyekula ugali na mboga saa kumi na mbili jioni, akaambiwa asile kitu kizito tena, na kesho yake akanywa chai ya rangi saa nne asubuhi. Amekatazwa nyama, lakini usiku kucha amekula nyama yake mwenyewe, na naitrojeni ya nyama hiyo imegeuka amonia ileile aliyokuwa akikingwa nayo.

Katazo hili lilitoka wapi basi? Mwaka 1877 mpasuaji wa Urusi, Nikolai Eck, aliunganisha mshipa mkuu wa utumbo na mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, katika mbwa wanane, damu ikaliruka ini. Saba walikufa mapema. Wa nane aliishi miezi miwili na nusu kisha akatoroka maabara, na hivyo akakosekana wa kuchunguzwa. Ivan Pavlov, yule wa mbwa na kengele, alirudia upasuaji huo huko St. Petersburg pamoja na mkemia Marceli Nencki na wenzao, na mwaka 1893 wakaripoti kwamba mbwa waliofanyiwa hivyo walipolishwa nyama walipepesuka, wakapata kifafa na kuzimia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 madaktari wa Boston waliona dalili zilezile kwa binadamu wenye sirosisi waliopewa vitu vyenye naitrojeni, zikiwamo chumvi za amonia, na mwaka 1954 Sheila Sherlock na wenzake wa London wakaeleza ugonjwa huo wa ubongo kwa ukamilifu, tiba ya kupunguza protini ikiwamo. Kutoka hapo katazo likaenea duniani, likafika kwetu pamoja na vitabu.

Mtu anaweza kuuliza: kama madaktari hao mahiri waliona wagonjwa wakizinduka baada ya kunyimwa protini, mimi ni nani wa kupinga macho yao? Jibu langu ni kwamba macho yao yaliona mambo mengi kwa wakati mmoja. Mgonjwa wa sirosisi huchanganyikiwa mara nyingi kwa sababu inayoweza kutafutwa na kupatikana: ametokwa na damu tumboni, ana maambukizi, amefunga choo siku kadhaa, amekaushwa maji na dawa za kukojoza, au amepewa dawa ya usingizi. Akilazwa, yote hayo hutibiwa pamoja na chakula kubadilishwa. Akipona, sifa hupewa chakula. Njia ya kutenganisha ni kuwapa wagonjwa matibabu yaleyale na kubadilisha protini tu, kwa kura. Hilo lilifanyika Barcelona, na Juan Córdoba na wenzake wakalichapisha mwaka 2004. Wagonjwa 30 waliolazwa kwa kuchanganyikiwa waligawanywa. Kundi moja lilianza bila protini kabisa, likaongezewa taratibu kila siku tatu. La pili lilipata gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito kuanzia siku ya kwanza. Akili ziliwarejea sawasawa. Tofauti ilikuwa kwamba walionyimwa walivunja protini ya miili yao zaidi. Utafiti ni mdogo, nakubali, lakini katazo lenyewe halikuwahi kuwa na utafiti wa aina hiyo hata mmoja wa kulitetea. Leo miongozo ya vyama vya Ulaya vya magonjwa ya ini na vya lishe, ile ya mwaka 2019, inataka mgonjwa wa sirosisi apate gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kilo kwa siku, na kusema wazi kwamba aliyechanganyikiwa asipunguziwe.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la damu. Mgonjwa akitokwa na damu kwenye mishipa ya koo la chakula, damu hiyo humeng'enywa kama chakula, na mara nyingi huchanganyikiwa saa chache baadaye. Je, huo si ushahidi kwamba protini ya tumboni ni hatari? Ukiichunguza damu kwa karibu utaona kwamba si protini kama nyingine. Hemoglobini ya mtu mzima haina isoleusini hata chembe, ilhali imejaa leusini na valini. Protini haijengwi ikikosekana asidi amino moja, kama vile ukuta usivyoinuka fundi akikosa saruji hata matofali yawe rundo. Mwili unaopokea mzigo huo hauwezi kuutumia kujengea, kwa hiyo huchoma karibu wote, na naitrojeni yote inakuwa amonia. Kwa maneno mengine, damu ni protini mbovu kuliko karibu zote mtu anazoweza kumeza. Yai au samaki hana kasoro hiyo. Kutoka kwenye ajali ya kumeza damu hatuwezi kurukia hukumu ya mlo wa mchana.

Wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria wanao mfano mwingine unaofaa kufikiriwa hapa. Kichocho cha utumbo huweka makovu kuzunguka mishipa ndani ya ini, makovu ambayo daktari Symmers aliyaeleza mwaka 1904 baada ya kuyaona Misri. Wagonjwa hao huwa na wengu kubwa, mishipa ya koo la chakula huvimba, na hutapika damu nyingi ya kutisha. Hata hivyo huchanganyikiwa mara chache kuliko wenye sirosisi, kwa kuwa seli zao za ini kwa sehemu kubwa ni nzima na mzunguko wa urea unaendelea, isipokuwa homa ya ini aina ya B au pombe ikiwa imeongezea uharibifu wake. Kinachoamua, basi, ni uwezo wa mwili kuishughulikia naitrojeni. Anayetaka kupunguza amonia ya utumbo ana laktulosi, sharubati inayomfanya mgonjwa apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku na kuibana amonia isirudi kwenye damu, na ipo antibiotiki ya rifaksimini kwa anayeimudu. Njia hizo hushughulikia tatizo pale lilipo bila kumdhoofisha mtu.

Kwa sahani, hesabu si ngumu. Mtu mwenye kilo 60, zikihesabiwa bila maji ya tumboni, anahitaji gramu 72 hadi 90 za protini. Mayai mawili yana 12, nusu lita ya maziwa 16, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, kipande cha samaki cha gramu 100 kama 20, na unga wa ugali robo kilo kama 20 nyingine. Jumla ni 83, na hakuna hata kipande cha nyama ya ng'ombe. Anayesema miongozo hii ni ya matajiri wa Ulaya hajalitazama soko: dagaa waliokaushwa ni protini kwa zaidi ya nusu ya uzito wao. Tena maharage, kunde, choroko na mbaazi, ambazo katazo lilizitupa kapu moja na nyama, ndizo zinazovumiliwa vizuri zaidi na wale wachache ambao kweli huchanganyikiwa kila walapo nyama. Nyuzinyuzi zake hulainisha choo, na metionini yake ni kidogo. Karanga nazo ni nzuri, lakini zenye ukungu zisiingie nyumbani kwa mgonjwa wa ini kwa bei yoyote. Sumukuvu huliharibu ini moja kwa moja, na mlipuko wa mwaka 2004 wa Makueni na Kitui nchini Kenya, uliotokana na mahindi na kuua watu 125, unatosha kuwa onyo kwa kila ghala.

Wapo watakaosoma habari za asidi amino zenye matawi na kukimbilia makopo ya unga yanayouzwa kwa wanyanyua vyuma. Mantiki inaonekana safi: zimepungua, zirudishwe. Ushahidi wake ni wa katikati. Majaribio makubwa ya Italia mwaka 2003 na Japani mwaka 2005 yaliona wagonjwa waliopewa wakidhoofika polepole zaidi. Uchambuzi wa mtandao wa watafiti wa Cochrane wa mwaka 2017, uliojumlisha majaribio 16, ulikuta zinapunguza kuchanganyikiwa lakini haukuona zikipunguza vifo. Mahali ambapo bei ya kopo moja hulisha familia wiki nzima, ninaona ni kosa kumnunulia mgonjwa unga kabla hajapata mayai na maziwa, ambayo leusini imo humohumo.

Mipaka ya hoja hii ni lazima itajwe. Nimezungumzia ini lenye makovu ya muda mrefu. Ini linalokufa ghafla kwa siku chache, kwa sumu au homa kali ya ini, ni jambo jingine: amonia inaweza kupanda hadi ubongo ukavimba, na hapo madaktari wana haki ya kuisubirisha protini kwa siku moja au mbili. Aliyezama usingizini asilishwe kwa mdomo, maana atapaliwa. Na mwenye figo mbovu pamoja na ini anahitaji hesabu ya daktari wake.

Kuna swali moja la pwani ambalo miongozo ya Ulaya haikulifikiria sana, nalo ni Ramadhani. Kufunga zaidi ya saa 13 ni mzigo mzito kwa mwili ambao usiku mmoja tu huugeuza kama wa mtu mwenye njaa ya siku mbili, na sheria ya dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula. Aliyewahi kujaa maji tumboni, kutapika damu au kuchanganyikiwa aitumie ruhusa hiyo. Kwa miezi mingine yote, mlo wa mwisho usogezwe karibu na usingizi. Huko Auckland, New Zealand, Lindsay Plank na wenzake walichapisha mwaka 2008 utafiti wa wagonjwa 103 waliopewa nyongeza ileile ya lishe kwa miezi 12: nusu waliitumia mchana, nusu kati ya saa tatu usiku na saa moja asubuhi. Wa usiku walijenga tishu zisizo mafuta zinazofikia kilo mbili hivi. Wa mchana hawakupata ongezeko la maana, na chakula kilikuwa kilekile. Kikombe kikubwa cha uji wa maziwa saa tatu usiku, na kifungua kinywa mara tu mgonjwa anapoamka, ni agizo ambalo tabibu yeyote anaweza kuliandika leo kwenye karatasi ileile ya dawa. Aandike pia mzunguko wa mkono juu ya kiwiko, kwa tepe, kila mgonjwa anaporudi kliniki, kwa sababu mizani humdanganya: maji ya tumboni yanaongeza kilo wakati misuli inakwisha.